Confucius au Laozi: ukaze au ulegeze?

Lile duara la yin na yang kila mtu analijua, nusu nyeusi nusu nyeupe, na kila nusu ina kidoti cha mwenzake ndani. Liko kwenye tatoo, kwenye fulana, kwenye bango la darasa la kungfu, liko mpaka kwenye ngao ya Niels Bohr, yule mwanafizikia wa Denmark aliyepewa nishani kubwa ya nchi yake mwaka 1947 akatakiwa awe na nembo yake. Wengi wakiliona wanalisoma hivi: nyeupe ni utaratibu, nyeusi ni fujo, wanapigana, na mwenye busara anakaa katikati kama refa. Hapana bana. Yin ni upande wa mlima wenye kivuli, yang ni upande unaopigwa na jua, jua likizunguka kivuli nacho kinahama, mlima ni ule ule na hakuna aliyeshinda. Fujo, kwa jinsi Wachina wa kale walivyoiona, inaingia pale upande mmoja unapogoma kumpisha mwenzake, na maana yake hata utaratibu ukizidi nao unazaa fujo. Shika hilo, ndo litakalokusaidia kuchagua.

Kuchagua nini sasa? Mtu akishaipenda hii habari ya mizani kinachofuata anauliza aanze kumsoma nani, na majina yanayokuja mbele ni mawili, wahenga wa China ya kale, Confucius na Laozi. Wengi huku kwetu jina la Confucius tumelisikia kupitia zile Taasisi za Confucius, ya Chuo Kikuu cha Nairobi ilianza 2005 ikiwa ya kwanza Afrika, ila pale watu wengi wanafuata lugha, mzee mwenyewe unakutana naye kwa kujitafutia. Hawa wawili wamesomwa na watu wale wale kwa zaidi ya miaka elfu mbili, mara nyingi na mtu yule yule, lakini ukiwapelekea tatizo moja wanakupa majibu yanayogongana. Mmoja atakwambia kaza. Mwingine atakwambia acha kwanza kushikashika.

Mzee wa kukaza

Confucius (551–479 KK) alizaliwa kwenye kijidola cha Lu, leo ni Qufu mkoani Shandong, kipindi ambacho wafalme wa Zhou wamebaki jina na vijidola vinatafunana. Akaona ugonjwa ni mmoja, watu wameacha nafasi zao, mtawala hatawali kama mtawala na baba hafanyi ubaba, kwa hiyo dawa ni kurudisha taratibu: salamu, maziko, sadaka, vyeo, nani anakaa wapi. Alizunguka miaka kama 14 akitafuta mtawala wa kumsikiliza, hakumpata, akarudi kwao kufundisha. Maneno yake yamekusanywa kwenye Lunyu, kitabu cha sura 20.

Kwenye sura ya 10 utakutana na mtu ambaye mkeka usiponyooka hakai na nyama isipokatwa inavyotakiwa hali. Ungepanga naye chumba ungehama. Lakini sura hiyo hiyo inasema kwenye pombe hakujiwekea kipimo, sharti lilikuwa moja tu, asifike mahali pa kuvurugika. Kidoti hicho, umekiona?

Nguvu yake halisi iko sura ya 13. Mwanafunzi wake Zilu anamuuliza, mtawala wa Wei akikukabidhi nchi utaanza na nini? Mzee anajibu, nitanyoosha majina. Zilu akaona huyu naye kapotea, akaropoka, akakaripiwa vizuri sana. Maelezo yake ni kwamba jina lisipokuwa sahihi maneno hayakai, maneno yasipokaa kazi haiendi, kazi isipoenda adhabu zinaangukia wasiohusika, mwisho wananchi hawajui waweke wapi mkono na wapi mguu. Inaonekana kama mambo ya walimu wa sarufi mpaka ufanye kazi kwenye ofisi ambayo "mratibu" anachapa barua, "meneja" hana hata mmoja anayemsimamia, na stoo inashikwa na yeyote aliyepita karibu na ufunguo. Pale hakuna mtu mbaya, kila mtu anajituma, na bado mzigo unapotea kila mwezi. Ukimleta Laozi kwenye ofisi ile aseme mambo yatajipanga yenyewe unamaliza kampuni.

Mzee wa kulegeza

Laozi ni jina tu, wataalamu wengi wanaona Daodejing, kitabu kinachobeba jina hilo, imekusanya mafundisho ya watu zaidi ya mmoja, ila kitabu chenyewe ni cha zamani kweli, mwaka 1993 kule Guodian mkoani Hubei zilichimbuliwa kaburini fito za mianzi zenye sehemu zake, za karibu mwaka 300 KK. Ni kifupi, sura 81, herufi kama 5,000.

Sura ya 60 inasema kutawala nchi kubwa ni kama kupika samaki wadogo. Aliyewahi kukaanga dagaa wabichi hahitaji ufafanuzi, ukigeuzageuza unapata uji. Sisi tunajua samaki mkunje angali mbichi, na huyo ni samaki wa Confucius kabisa, wa Laozi ni yule aliyeko tayari kikaangoni ambaye kila ukimgusa unamharibu. Nimefikiria sana hizi samaki mbili na naona kila moja ni sahihi kwa saa yake.

Ila hadithi inayonikaa zaidi ni ya Zhuangzi, mhenga mwingine anayehesabiwa upande huu wa Laozi, iko mwisho wa sura ya 7 ya kitabu chenye jina lake. Mfalme wa bahari ya kusini anaitwa Shu, wa kaskazini anaitwa Hu, na katikati anatawala Hundun, yaani ule mvurugano wa mwanzo kabla vitu havijatengana, hana jicho, hana sikio, hana mdomo. Shu na Hu wanakutana kwake mara kwa mara na anawakirimu vizuri mno. Wakakaa wakashauriana wamlipe fadhila: kila mtu ana matundu saba ya kuonea, kusikilizia, kulia chakula na kupumulia, huyu maskini hana hata moja, tumtoboe. Wakawa wanatoboa tundu moja kila siku. Siku ya saba Hundun akafa.

Ona kwamba waliomuua hawakuwa maadui, walikuwa wageni wenye shukrani. Na utakuwa umeona kikundi cha akina mama cha kuchangiana kinachokwenda miaka kwa kuaminiana na simu moja, kila mtu anajua zamu ya nani, halafu anakuja mtu wa mradi kwa nia safi kabisa anakipa katiba, kamati tatu, fomu na mhuri, na mwaka haujaisha hakipo. Confucius hana jibu zuri kwa kesi kama hiyo, Zhuangzi analo.

Tuwapeleke mtoni

Maneno matupu yanachosha kwa hiyo tuangalie maji, maana China hoja hii ya kukaza au kulegeza imebishaniwa kwa majembe. Hadithi ya kale inasema Gun alipewa kazi ya kuzuia gharika, akaziba na kuziba kwa miaka tisa, maji yakapasua, akaadhibiwa. Mwanae Yu akachukua kazi, yeye akachimba mifereji maji yapate njia ya kwenda baharini, akafaulu.

Mfano unaoweza kuugusa leo ni Dujiangyan, karibu na Chengdu mkoani Sichuan. Karibu mwaka 256 KK gavana wa dola la Qin aliyeitwa Li Bing alikuta mto Min unafurika kila theluji ikiyeyuka milimani, huku tambarare ya pembeni ikikosa maji. Hakujenga ukuta wa kuufunga. Alijaza mawe kwenye vikapu virefu vya mianzi akatengeneza ulimi katikati ya mto, wenyewe wanauita mdomo wa samaki, ukaugawa mto mara mbili, mkono wa ndani mwembamba na wenye kina, mkono wa nje mpana na usio na kina. Mto ukipungua sehemu kubwa ya maji, kama asilimia 60, inaingia ndani kwenda mashambani, mafuriko yakija hesabu inageuka yenyewe na maji mengi yanapita nje. Li Bing hakuweka mlango wa kufunga wala mtu wa kupiga filimbi. Mlima uliozuia njia waliupasua kwa kuchoma mwamba na moto kisha kuumwagia maji. Mpaka leo unafanya kazi, UNESCO waliuweka kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2000, na tetemeko kubwa la 2008 liliupa nyufa tu.

Mashabiki wa Laozi wanapenda kuishia hapo. Mimi nawaambia subirini, kwa nini umedumu miaka 2,200? Kwa sababu kila mwaka maji yakipungua watu wanaingia kuchimba tope na kokoto. Na hawachimbi kwa kukisia, chini ya mto kumelazwa nondo nene za chuma kama alama, unachimba mpaka ukutane na chuma, usipokifikia hujamaliza. Kanuni imechongwa kwenye jiwe, herufi sita tu, maana yake chimba kina na kizuizi kiwe kifupi. Kizuizi kifupi ni Laozi. Kuchimba kila mwaka, kizazi baada ya kizazi, bila kuruka na bila kubishana kina ni kiasi gani, huyo ni Confucius mtupu.

Sasa nenda Huang He, mto Manjano. Huu una tope usipime na watu wamejaa pembeni. Karibu mwaka 7 KK Jia Rang alimpelekea mfalme mapendekezo matatu kwa mpangilio wa ubora: la kwanza, hamisheni watu muupe mto nafasi, la pili, chimbeni mifereji mpunguze nguvu, na la mwisho na baya kuliko yote, endeleeni kuongeza kingo. Unajua lililofanyika zaidi, kingo. Miaka ya 1500 akaja Pan Jixun, afisa wa kusimamia mto, akageuza kabisa mawazo: kama mto una tope, ubane uwe mwembamba, maji yakimbie, yalisombe tope lake yenyewe mpaka baharini. Kukaza kwa akili sana na kulisaidia, lakini tope halikuisha, mto ukaendelea kupanda ndani ya kingo zake mpaka pale Kaifeng maji yanapita juu kuliko barabara za mji, na mwaka 1855 ukapasua ukahama kabisa, ukaacha kumwaga maji kusini ya rasi ya Shandong ukawa unamwaga kaskazini.

Hivyo Laozi kashinda? Si haraka hivyo. Kulegeza kunahitaji nafasi. Li Bing alikuwa na mkono wa nje wa kumwagia, Jia Rang alikuwa anaomba ardhi ambayo tayari ina nyumba, mashamba na makaburi ya watu. Hiki ndo kipimo ambacho watu wa "achilia tu, amini mchakato" hawakitaji. Mwenye akiba benki anaweza kuachia biashara ijipange. Mwenye kibanda cha chipsi anayelipa mtaji wa kukopa kila jioni hana mkono wa nje, akilegeza siku mbili kafurika, kwa hiyo yeye namwambia aandike kila mia iliyoingia na kutoka na asimsikilize mtu.

Serikalini

Hapa nitapita kidogo. Qin waliunganisha China 221 KK kwa sheria kali kuliko chochote, na kabla hujamlaumu Confucius jua kwamba Qin hawakuwa watu wake, yeye alisema ukiongoza watu kwa adhabu watakwepa adhabu bila kuona aibu. Dola lilidumu miaka kama 15. Mwanahistoria Sima Qian anaeleza kwamba mwaka 209 KK Chen Sheng alikuwa na kundi la watu 900 wanapelekwa kazini mpakani, mvua ikawazuia, na kuchelewa adhabu yake kifo. Wakapiga hesabu: kufika ni kufa, kuasi ni kufa, basi tuasi. Utaratibu uliokazwa mpaka mwisho ukazaa fujo kwa mkono wake wenyewe.

Ukoo wa Han uliotawala baada yao ukajaribu njia ya Laozi, na mtu ninayempenda kwenye hadithi yote hii ni waziri mkuu Cao Shen. Hakubadilisha kitu, alishinda anakunywa. Aliyekuja kulalamika alinyweshwa mpaka akasahau alichojia. Makarani waliokaa nyuma ya bustani yake walikuwa wanalewa na kuimba makelele, msaidizi wake akampeleka bustanini awasikie awakemee, Cao Shen akaagiza mvinyo akaketi, naye akaanza kuimba akiwajibu. Mfalme kijana alipochoka akamuuliza una nini wewe, jibu lake lilikuwa sheria nzuri zimeshawekwa na waliotutangulia, sisi tuzilinde tusizichokoe. Kodi ya mazao baadaye ilishuka hadi sehemu moja ya 30 na ghala zikajaa.

Ila waliolegezewa hawakuwa wakulima peke yao. Wafalme wadogo wa mikoani nao waliachiwa wanenepe, na mwaka 154 KK saba kati yao wakaasi kwa pamoja. Kabla hujalegeza jiulize unamlegezea nani, mdogo akipata nafasi analima, mkubwa akipata nafasi anaajiri jeshi.

Kwenye msiba

Hapa ndo tofauti inauma. Confucius anataka miaka mitatu ya kuomboleza mzazi. Mwanafunzi wake Zai Wo akasema mwaka mmoja unatosha, mzee akamuuliza, ukila wali mzuri na kuvaa hariri moyo unatulia? Akajibu ndio. Basi fanya. Mwanafunzi alipotoka mzee akasema, mtoto anabebwa mikononi miaka mitatu ndipo anaachiliwa, huyu hakubebwa? Zhuangzi naye mkewe alipofariki, rafiki yake Huizi alifika kutoa pole akamkuta kachuchumaa anapiga beseni na kuimba. Zhuangzi akamwambia, mwanzoni niliumia kama mtu yeyote, kisha nikaona amepita kama misimu inavyopita, nikilia sana nitakuwa sielewi mambo yanavyokwenda.

Sisi wa matanga na arobaini tunamwelewa Confucius bila mkalimani, na kwenye hili niko upande wake moja kwa moja. Mtu aliyefiwa hana nguvu ya kujipangia, mpe utaratibu uliokwisha pangwa na wengine, nani anapika, nani anapokea wageni, siku ya ngapi nini kinafanyika, utambeba. Ukimwambia mkiwa apige beseni unamwacha peke yake. Na hata Confucius mwenyewe alipofiwa na Yan Hui, mwanafunzi wake kipenzi, alilia mpaka wenzake wakamwambia umepitiliza, akajibu nisipomlilia huyu nimlilie nani.

Dosari zao

Ukimchukua Confucius ujue na waliomfuata. Dong Zhongshu wa enzi ya Han aliichukua yin na yang akaipanga kama ngazi: yang juu, yin chini, mume yang, mke yin, na wanawake wa China waliilipia tafsiri hiyo kwa karne nyingi. Laozi naye asikudanganye kwa upole, sura ya 3 inasema mwenye hekima anatawala kwa kuacha mioyo ya watu mitupu na matumbo yao yamejaa, na mtawala yeyote asiyependa maswali ataufurahia huo mstari.

Haya, chagua

Kanuni yangu ni usichague anayekufurahisha. Mtu wa ratiba, wa kalenda yenye rangi, anayepanga hadi saa ya kupumzika, akifungua Lunyu anajiona kasifiwa na hajifunzi lolote, huyo apewe Zhuangzi sura ya 7 na Daodejing 8 na 60. Mtu anayesema "mimi naenda na mtiririko" huku ana madeni kwa watu wanne na jina la kazi yake halielezeki, huyo asiguse Daodejing kwanza, aanze Lunyu sura ya 2 na ya 13, zitamkera, avumilie.

Kipya kinachoanzishwa, duka, ndoa, kikundi, kaza mapema. Laozi mwenyewe sura ya 64 anakubali, anasema lipange jambo kabla halijavurugika. Kilichokwisha kushika njia, kiache, kichimbe tope mara moja kwa mwaka. Na ukiona mambo yako yote yamenyooka kabisa ndo uangalie vizuri: kwenye Yijing, kitabu cha kale cha Wachina cha kupigia ramli, kuna michoro 64 ya mistari sita sita, ule wa 63 ndio pekee ambao kila mstari wake umekaa mahali pake, na maandishi yake yanaonya mwanzo heri mwisho vurugu. Wa 64, unaofunga kitabu, unaitwa hakijakamilika.

Kama una hela ya kitabu kimoja, Daodejing unaimaliza jioni moja na utaisoma tena, Lunyu unahitaji mwezi na uvumilivu, ila usiiache kabla ya mwisho wa sura ya 11, pale Confucius anawauliza wanafunzi wanne wanatamani nini, watatu wanataja vyeo na majeshi, wa nne anasema yeye anataka mwisho wa masika aende na marafiki kuoga mtoni, wapigwe upepo, warudi wanaimba, na mzee wa mkeka ulionyooka anashusha pumzi anasema niko na wewe.

Na mtoto wa miaka 16, yupi? Laozi. Ila funguo za pikipiki kaa nazo wewe.